Upepo Tumboni mwa Menik

Kila alfajiri, kabla hajamsalimu mkewe, Kang Jumakir huweka sikio kwenye ubavu wa farasi wake. Kushoto kwanza, halafu kulia, macho kayafumba. Tumbo likinguruma, huguna kidogo na kwenda kunywa chai yake. Tumbo likinyamaza, chai hupoa mezani, na sisi majirani tunajua siku imeshaharibika.

Nayaona haya yote kwa sababu jiko langu na banda lake vinatumia ukuta mmoja. Jina langu Wakini, ila kijijini, kama Jumakir alivyo Kang, yaani kaka, mimi ni Yu Wakini, dada wa kila mtu, hata wa wazee walionizidi miaka kumi. Napika dawa za kunywa: tangawizi, manjano, ukwaju, majani ya mpapai kwa wenye homa. Nazitia kwenye chupa, nazibeba mgongoni kwa kikapu, nauza nyumba hadi nyumba. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, na katika wateja wangu wote hakuna aliyenunua tangawizi nyingi kama Jumakir. Yeye mwenyewe hakunywa hata tone. Alikuwa akimnunulia farasi.

Jumakir ni mwendesha gari la farasi, kama baba yake na babu yake. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, akipeleka akina mama na mboga zao soko la Beringharjo kabla jua halijachomoza. Akina mama walipopata pikipiki, akahamia barabara ya Malioboro kungoja watalii. Ni mtu mfupi, mbishi, mwenye masharubu anayoyatunza kuliko paa la nyumba yake. Mjeledi anao, lakini sijawahi kuusikia ukilia. Na farasi huzungumza naye kwa lugha ya heshima. Sisi Wajava maneno yetu yana ngazi. Kuna ya kumwambia rika lako na kuna ya kumwambia mkubwa wako. Mkewe, Rubiyem, huambiwa yale ya rika. Farasi huambiwa yale ambayo mtu angemwambia mkwewe.

"Miaka arobaini kwenye ndoa," Rubiyem hupenda kuniambia tukiwa kisimani, "sijaambiwa 'tafadhali' hata siku moja. Yule anaambiwa kila asubuhi, na hata kupika hapiki."

"Ota mkia, shoga," mimi humjibu. "Labda utaambiwa."

Kabla ya farasi huyu wa sasa alikuwapo Jliteng, mweusi tii, aliyemlipia Jumakir shule ya binti yao Wuri tangu mwanzo hadi mwisho. Jliteng alikufa kwa tumbo, mwaka wa tisa sasa, msimu wa kiangazi. Wauza mishikaki ya farasi walikuja mapema, maana habari ya mzoga husafiri, na Jumakir akawatimua kwa jembe. Alichimba kaburi nyuma ya nyumba, kwenye migomba, yeye na majirani wanne, kutoka adhuhuri mpaka magharibi. Kengele ya shingoni aliitundika kwenye msumari bandani, na ipo mpaka leo.

Kila aliyekaa naye kunywa chai amesimuliwa dakika za mwisho za Jliteng. "Nilikuwa nimetoka kutawadha," husema, "mikono ina maji bado. Nikampigia magoti. Akainua kichwa, akanilamba mikono yote miwili, kiganja kwa kiganja, hadi kwenye vidole. Halafu akalala. Alikuwa ananiaga, mnyama yule." Mimi nimeisikia hadithi hiyo labda mara mia, na kila mara nimefuta jicho.

Sasa Menik. Menik ni jike, mwekundu wa kahawia, mwenye doa jeupe usoni. Mwaka wa kwanza hakuwa na neno. Mwaka wa pili akaanza: anakwaruza sakafu kwa kwato ya mbele, anageuza shingo kutazama tumbo lake, anainua mdomo wa juu, analala, anaamka, analala tena. Si ugonjwa wa kuua. Jumakir humtembeza taratibu uani, huku na huku, saa nzima au mbili, akimzuia asijibiringishe. Mwishowe hutoa kinyesi kidogo, vidonge vigumu vinavyong'aa, hupumua, huanza kula. Baada ya siku kumi, hayo hayo yanarudi.

"Upepo," alisema Jumakir mara ya kwanza. "Upepo umemwingia."

Nikamwambia ndiyo, ni upepo. Ningesema nini kingine? Kwetu maradhi yote ya kawaida huingia kwa mlango huo. Umenyeshewa, umelala dirisha wazi, umekunywa maji ya baridi jasho halijakauka: upepo umeingia, tumbo linajaa, kichwa kinagonga. Unapakwa mafuta, unakwaruzwa mgongo kwa sarafu hadi mistari myekundu itoke, unakunywa tangawizi ya moto, unabeua, umepona. Mama yangu alinitibu hivyo, nami nimewatibu wanangu hivyo. Na Jumakir haoni tofauti kubwa kati ya tumbo la mtu na tumbo la farasi.

Basi akamlinda Menik na upepo kama alivyomlinda Jliteng. Kila upenyo wa banda aliuziba kwa magunia. Maji ya kisimani yakapigwa marufuku, maana ni ya baridi. Akirudi kutoka mjini na jasho, Menik hasogezewi ndoo mpaka akauke kabisa, na hiyo ndoo ni maji ya moto yenye tangawizi yangu. Mjini kutwa nzima, chini ya kiti cha gari kuna ndoo, lakini ni ya kuoshea kwato. Menik alikuwa akinusa tangawizi ile, analowesha midomo, anageuza kichwa.

"Ameshiba," husema Jumakir. Halafu humpa pumba kavu.

Siku moja alikuja jikoni kwangu mbio.

"Yu, una sarafu? Ya zamani, ile nzito."

"Ya nini?"

"Nataka kumkwaruza."

"Nani, Mama Wuri?"

"Menik."

"Kang! Farasi ana manyoya. Hiyo mistari myekundu utaiona wapi?"

"Mistari ni ya watu kuangalia. Upepo unatoka hata usipoonekana. Leta sarafu, usinicheleweshe."

Sarafu sikuwa nayo, nikampa kijiko. Alimpaka Menik mafuta, akamkwaruza kuanzia mabegani hadi kiunoni, na Menik akapenda sana, akamwegemea mpaka akambana ukutani. Tulicheka hadi Rubiyem akakaa chini. Jioni ile Menik akapata nafuu, na Jumakir akazunguka kijiji kizima akitangaza kijiko changu.

Kicheko kiliisha mara tumbo lilipomshika mjini. Menik alilala katikati ya Malioboro, na gari nyuma yake, watalii wakitoa simu kupiga picha. Baada ya mwezi na nusu akalala tena, karibu pale pale. Chama cha waendeshaji kikamwita Jumakir. Wakamwambia kwa upole, maana ni mzee wao: akilala mara ya tatu, kibao cha nambari cha gari kinarudishwa, na hutasimama tena barabarani.

Daktari Palupi wa mifugo alikuja na pikipiki yake, binti mwembamba mwenye mikono ya nguvu. Alivaa glavu, akapima, akachoma sindano, akavunja kidonge cha kinyesi kwa vidole.

"Kikavu hiki, Mzee. Mpe maji. Maji mengi. Pumba zilowekwe, na chakula apewe kidogo kidogo, mara nyingi."

"Maji nampa, Daktari."

"Mengi?"

"Mengi."

Wala hakuwa anadanganya. Daktari alipoondoka, Jumakir akaja kwangu kuagiza chupa nyingine mbili za tangawizi kwa siku. Neno lilikuwa moja, maji, na kila mmoja aliondoka na ya kwake kichwani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimesikia yote, na nilichofanya ni kwenda kumenya tangawizi. Biashara ilikuwa nzuri. Nasema hivyo ili mjue nilivyokuwa.

Trimo dalali wa farasi naye alianza kupita. Huja kijijini kila Pahing, siku ya soko inayorudi kila baada ya siku tano, kofia kisogoni, kamba begani.

"Kang Jumakir, farasi wa tumbo haponi. Huyu sasa ni wa mshikaki. Nakwambia kama ndugu."

"Ndugu yangu hana kamba begani."

"Haya. Ila mimi nakuja akiwa amesimama. Wengine watakuja akiwa amelala."

Jumakir akampa kisogo. Lakini usiku ule, Rubiyem aliniambia, hakulala. Alikaa kitandani akasema, "Mama Wuri, akilala tena mjini nampa Trimo. Nina miaka sitini na saba. Sitaanza na farasi mwingine. Huyu akienda, na mimi nimekwisha kuwa mwendesha gari." Na mtu ambaye hakuwahi kuwa kitu kingine akisema hivyo, mkewe anaelewa ni nini kinachokwenda na farasi.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Watalii walipungua, Jumakir akawa anarudi adhuhuri na kulala hadi alasiri, masharubu yamelegea kwa kiu. Wiki ya kwanza Menik mzima. Ya pili mzima. Mwezi ukaisha, tumbo halijamshika hata mara moja. Manyoya yakang'aa.

"Unaona, Yu?" akaniambia. "Mwezi mtukufu. Mashetani wamefungwa minyororo, na upepo umefungwa nao."

"Na tangawizi je?"

"Na tangawizi pia," akasema, kwa kunihurumia.

Baada ya Idi, Wuri akajifungua huko Magelang, na Rubiyem akafunga mzigo kwenda kumkanda mzazi. Siku ya sita tangu aondoke nikasikia kwato ikikwaruza upande wa pili wa ukuta wangu. Nikaijua sauti ile kabla sijaweka sufuria chini. Jumakir alimtembeza asubuhi, akamtembeza jioni, na kesho yake tena. Safari hii kinyesi hakikutoka kabisa. Nilipika tangawizi mara tatu. Menik hakuinusa hata.

Siku ya pili jioni, Jumakir alikuja akasimama mlangoni pangu.

"Nimemtumia Trimo salamu. Kesho ni Pahing. Aje."

"Kang, hajalala mjini. Mwite daktari tena."

"Aje amchome, na baada ya siku kumi turudie? Anateseka, Yu. Namwangalia nashindwa. Jliteng nilimsubirisha nikitumaini, akafa kwa kuteseka. Huyu sitamsubirisha."

Alipotoka nikampigia Rubiyem simu. Nilimwambia tu, "Trimo anakuja kesho." Upande wa pili nikasikia, "Mungu wangu, nimeondoka na ndoo yangu," na simu ikakatika. Sikuelewa. Nilidhani kichanga kimemchanganya akili.

Trimo alifika saa tatu asubuhi. Menik alikuwa amesimama uani, kichwa chini, ubavu umetota jasho. Jumakir alikuwa anamsugua shingo na kumsemesha kwa ile lugha ya heshima, taratibu, maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Ndipo Rubiyem akaingia, kitambaa kimemteleza kichwani, mfuko wa nguo mkononi bado, ametoka basi la kwanza.

"Trimo, weka kamba chini."

"Mama Wuri, mumeo ndiye aliyeniita."

"Mume wangu hajui kitu. Keti hapo, utapewa chai."

Akaenda moja kwa moja kisimani. Akavuta ndoo, ikaja imejaa hadi mdomo, baridi ya kuuma vidole, akaibeba hadi mbele ya Menik.

"Mama Wuri!" Jumakir alipiga kelele. "Utamuua! Ana jasho, upepo umejaa tumboni, unampa maji ya kisima?"

Menik aliingiza mdomo kwenye ndoo. Masikio yake yakawa yanakwenda mbele na nyuma kwa kila funda. Hatukusikia kitu kingine uani pale ila kumeza. Ndoo ikafika chini, akailamba ndani, akainua kichwa kumtazama Rubiyem.

"Unaona anavyonijua?" Rubiyem alisema. "Mwezi mzima wa funga, ulipokuwa umelala mchana, nilikuwa nampa hivi. Ndoo mbili, siku nyingine tatu. Na pumba nilikuwa naloweka. Sikuweza, Baba Wuri. Sisi tumefunga kwa nia. Yeye nani alimtilia nia?"

"Ulinificha."

"Nilikuficha. Ningekwambia, ungeificha ndoo. Nikasema Idi ikipita nitakwambia, halafu Wuri akajifungua, nikaondoka sijasema. Kosa langu ni hilo. Nigombeze ukitaka, lakini kwanza mpigie simu yule binti daktari."

Trimo alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Daktari Palupi alikuja akampitishia Menik mpira puani hadi tumboni, akammiminia maji na mafuta, lita nyingi, huku Jumakir ameshika kichwa cha farasi na kugeuza uso pembeni. Alipomaliza aliuliza ndoo za maji ya kunywa ziko wapi, Jumakir akamwonyesha chupa zangu. Yule binti alizitazama kwa muda, akanitazama mimi, akasema kwa adabu, "Ni dawa nzuri, Bibi. Kwa mtu." Afadhali angenitukana.

Alasiri Menik alitoa kinyesi, rundo zima, laini. Jumakir alilichutamia akalitazama kama mtu anayesoma barua. Trimo alikuwa bado yupo. Alikunja kamba yake, akamaliza chai. "Kang, nimekuja kuchukua farasi, naondoka na kikombe kimoja cha chai isiyo na sukari. Mambo ya dunia." Akaenda zake, na tangu siku ile akipita hamtazami Menik.

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake nilisikia magunia yakichanwa kutoka ukutani mwa banda, moja baada ya jingine, na mwanga ukaanza kupenya kwenye nyufa hadi jikoni kwangu. Nikatoka. Menik alikuwa na ndoo mbili mbele yake, amejaa usingizi. Jumakir alikuwa amesimama chini ya msumari wa kengele.

"Yu," akasema bila kugeuka. "Siku ya Jliteng. Ulinipikia chupa ngapi?"

"Sikumbuki, Kang."

Nakumbuka. Zilikuwa saba. Nilizipika kwa huruma, na bei nilimpunguzia.

"Kiangazi kile," akasema. "Jua lile. Nilimziba kila upenyo. Siku nne, na kila akinyoosha shingo kisimani nilimvuta." Akanyanyua mikono yake akaitazama, kiganja kwa kiganja. "Ilikuwa na maji bado, na mimi nilidhani ananiaga."

Rubiyem alikuwa ametokea mlangoni, akasikia, akaweka mkono mdomoni. Kisha akamsogelea, akamwambia taratibu, "Maji yakimwagika hayazoleki, Baba Wuri."

"Hayakumwagika," akasema Jumakir. "Nilimnyima."

Akachukua ndoo. Tulidhani anamwongezea Menik, lakini alivuta maji kisimani, akapita nayo nyuma ya nyumba, akiinama upande mmoja kwa uzito, mpaka kwenye migomba. Kabla ya mwezi wa funga sisi huenda makaburini kwa wazazi wetu, tunafagia, tunamwaga maua na maji. Kwa farasi sijawahi kuona. Alipiga magoti palepale alipochimba miaka tisa iliyopita, akaiinamisha ndoo kidogo kidogo, asimwage pembeni, na udongo ukawa unayanywa.

Rubiyem alinishika mkono nisimfuate. Tulisimama kwenye kona ya nyumba na tukamsikia akisema, kwa lugha ile ya heshima, neno ambalo mkewe hajawahi kuambiwa: "Tafadhali." Na tena, "Tafadhali, kunywa."

Niliporudi jikoni sufuria ya tangawizi ilikuwa imeanza kuchemka. Niliiepua, nikazima moto.